Nisindikize Kidogo

Kibomet, Jumamosi alasiri

Nekesa mwanangu,

Umeenda kusukwa, na najua hutarudi upesi, kwa sababu yule msusi wako husuka huku akisimulia, na hadithi ikifika mahali patamu mikono yake husimama. Baba yako amelala kwenye kiti na redio inaongea peke yake. Nimefunika cherehani, nikaamua kwamba leo nitaandika. Mwalimu aliyetufundisha Kiswahili darasa la nane alitukataza kuanza barua kabla ya kujua kwa nini tunaiandika. Mimi najua. Ni kwa sababu ya yale uliyoniambia Jumapili jikoni, na kwa sababu nilikujibu vibaya.

Sitakuandikia mambo ya sanduku. Blanketi umeliona, ndoo ina jina lako, na kama kuna kitu umesahau, chuo chako cha Mabanga si mbali. Bungoma ni kwetu. Mimi nilizaliwa Myanga na nyanya yako bado yuko pale, hutalala njaa. Mambo ya wavulana tulishaongea, ukacheka, nami nikacheka, yakaisha.

Jumapili ulikuwa unamenya viazi. Ukasema bila kuniangalia, "Mama, nikienda utaacha tena kutembea." Halafu ukasema unaweza kungoja, uanze masomo ya kilimo pamoja na wale wa mwaka ujao, magoti yangu yakiwa yamepata nguvu. Nami nikakuambia, "Kwani mimi ni ng'ombe, ati lazima niwe na mchungaji?" Kisu kikaendelea na viazi. Papo hapo nilijua nimekasirika kwa sababu ulikuwa umesema kweli.

Basi nikueleze kweli yote, hata zile sehemu ambazo ulikuwa mdogo usizielewe, ili kesho uondoke ukijua unamwacha nani nyumbani.

Mara ya kwanza nilipopunguza mwili ulikuwa bado shule ya msingi. Magoti yalikuwa yameanza kulia kila nikiinuka kwenye cherehani. Nilienda dispensari, muuguzi akanipima presha, akapima tena. Akauliza, "Mama, kazi yako ni gani?"

"Mimi ni fundi wa nguo."

"Ya kukaa?"

"Ya kukaa."

"Basi uanze kutembea. Kila asubuhi. Usingoje magoti yakatae."

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuamka. Kuamka nilijua; nimeamka mapema tangu nikiwa msichana wa kukamua. Kazi ngumu ilikuwa watu. Hapa kwetu mtu mzima akionekana barabarani, ni kwamba anaenda mahali. Anaenda shambani, anaenda kusaga, anaenda kwenye matanga. Asubuhi ya kwanza nilitoka mikono mitupu, nikiwa na raba za baba yako, na kabla sijafika kwenye kinu cha kusagia mahindi nilikuwa nimeulizwa na jirani zangu nani amefariki. Mwenye pikipiki ya boda akapunguza mwendo kando yangu. "Mathe, panda twende."

"Siendi mbali."

"Ni wapi?"

Mwanamke mzima, fundi anayejulikana, nilisimama kando ya barabara nikikosa jibu la swali dogo kama hilo. Niligeuka nikarudi nyumbani. Baba yako alikuwa mlangoni na kikombe chake. Akasema, "Mama Nekesa, hii barabara imekukosea nini, umeamka kuikanyaga?"

Kesho yake nilibeba kikapu. Kile cha mkonge, chenye mkono mmoja ulioshonwa upya. Nikiwa na kikapu hakuna aliyeniuliza kitu. Waliona mama anaenda sokoni, wakanisalimia, wakapita. Nilifurahi sana na akili yangu. Lakini mtu aliyeenda sokoni hawezi kurudi na kikapu kitupu, si watu wataona? Kwa hivyo nikirudi nilipitia pale kwenye kibanda karibu na shule, nikaweka mandazi ndani. Na mandazi yakishafika nyumbani yakiwa moto, na chai ya maziwa ipo, nani atayatazama tu? Niliketi kwenye cherehani nikashona nikila. Nikatembea hivyo wiki baada ya wiki, nikishangaa kwa nini mwili haupungui. Unaweza kucheka, mwanangu. Nilikuwa nafunga safari kila asubuhi kwenda kuchukua mandazi.

Nilipojua kosa langu nilianza kuweka sukuma wiki kwenye kikapu. Hapo mwili ukaanza kushuka, polepole, kisha kwa haraka. Nilifurahi jinsi ninavyoona mtoto anafurahi na sare mpya. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Wewe unajua jinsi ninavyoshona. Nguo ya mtu yeyote, hasa ya mtoto wa shule, lazima niache kitambaa cha ziada ndani ya mshono, pande zote mbili. Mzazi haoni, mtoto haoni, lakini mwaka ukipita na mtoto amepanuka, anarudi kwangu, nafumua uzi, nafungua, nguo inamtosha tena. Nilifundishwa hivyo na fundi wangu wa Myanga, na sijawahi kumnyima mteja kitambaa chake. Lakini nguo zangu mwenyewe nilizipunguza zote, na nikimaliza kushona nilichukua mkasi nikakata ile ziada, nikaitupa kwenye gunia la vipande. Hata gauni la sare ya kina mama wa kanisa nilikata. Nilijiambia kwamba yule mama mnene hatarudi, kwa hivyo simwachii nafasi. Ulikuwa umeketi sakafuni ukiokota vile vipande umshonee mwanasesere wako. Uliniuliza, "Na ukinenepa tena?" Nikakuambia, "Mdomo wako!"

Wakati huo tulienda Myanga kumwona nyanya yako. Hakunisalimia kwanza. Alinizunguka kama anayekagua ndama sokoni. Akauliza, "Huyo bwana hakulishi?" Nikamwambia nimejipunguza mwenyewe, kwa kutembea. Akasema, "Kutembea kwenda wapi?" Hata yeye! Akachinja kuku. Kila nikisukuma sahani alinirudishia nyama, na jioni majirani walikuja mmoja mmoja kunipa pole kwa sauti ya chini, kwa sababu walishaamua nina ugonjwa. Njiani tukirudi nilikuwa na hasira. Sasa nikikumbuka naona alikuwa ameogopa tu. Kwake yeye, mtoto aliyetoka nyumbani akiwa na mwili na akarudi bila mwili, kuna mtu amemfanyia kitu.

Huku Kibomet mambo yalikuwa kinyume. Huku nilisifiwa. Kina mama walikuja kuulizia dawa. Nikawa natoa ushauri, mimi, mtu wa juzi. Na kuna siku moja wateja walikuwa wamejaa hapa ninaposhonea, wewe ukaingia kutoka shuleni ukiwa na andazi mkononi, nikasema mbele yao wote, "Na wewe uanze mapema, usije ukawa kama mamako alivyokuwa." Wakacheka. Wewe hukucheka. Uliweka lile andazi juu ya meza ya kupigia pasi, likakaa pale mpaka likakauka. Baada ya hapo, kwa muda mrefu, ulikuwa ukila kidogo mezani na kusema umeshiba. Ni kama nilikuwa nimekufunga tepu ya kupimia kiunoni ukiwa bado mtoto. Kama bado unaisikia ile sauti yangu siku fulani ukiwa mbele ya sahani, huko Mabanga, naomba uile ile sahani. Sauti hiyo ilikuwa ya mama aliyelewa sifa.

Sasa, watu wakijua mtu amenenepa tena, wanataka kusikia sababu kubwa. Amefiwa, ameachwa, ameugua. Mimi sina. Mvua ya Aprili ilikuja na matope yake, nikasema nitatembea kukikauka. Kisha ikaja kazi ya sare za shule, na wewe unajua Januari kwetu, watu wamepanga mstari hadi nje, nakula nilipoketi, chochote kilicho karibu. Raba za baba yako zikaingia chini ya kitanda. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Nilikuwa naahirisha tu, na kila kuahirisha kulikuwa na maana yake nzuri. Halafu asubuhi moja gauni likakataa kupita mabegani, nikalitundika, nikachukua lingine, nalo likakataa.

Nilijaribu kufungua mishono. Nilikaa kitandani na wembe mkononi, nikafumua uzi wa ubavuni, na ndani hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimekata mwenyewe.

Kuna uchovu wa kuchoka, ambao mtu akilala unaisha. Na kuna uchovu wa kuanza upya jambo ambalo ulishalimaliza na kupigiwa makofi. Huo hauishi kwa kulala. Kila mtu anajua ulifika, na sasa uko nyuma ya pale ulipoanzia, na magoti ni mazee zaidi. Mara ya kwanza nilikuwa na matumaini kwa sababu sikujua. Mara ya pili nilijua kila kilima. Nilijua hata yale maumivu ya nyuma ya mguu yatakuja siku gani. Nikaona heri nikae ndani. Na nikikaa ndani, ni nani alienda kusaga? Ni wewe. Nani alipeleka nguo kwa wateja, nani alienda dukani, nani alienda mkutano wa jumuiya akasema mama anaumwa? Ulikuwa kidato cha tatu na tayari ulikuwa miguu yangu. Nililiona hilo, Nekesa. Nililiona na nikakutuma tena.

Ile Jumapili ya kina mama sikuenda kanisani kwa sababu ya sare. Nilijifunika nikasema kichwa kinaniuma. Uliporudi ulikuwa umebeba chakula nilichotumiwa, kimefunikwa kwa sahani nyingine, ukakiweka kando ya kitanda. Kisha ukatoa lile gauni kwenye msumari, ukaenda kwenye cherehani yangu. Nilisikia pedali. Nilijua unafanya nini na sikuwa na nguvu ya kukukataza. Uliweka kipande kirefu kila ubavu, kutoka chini ya kwapa hadi kwenye pindo, cha kitambaa ambacho hakikuwa bluu ile ya sare hata kidogo. Mshono ulipinda. Ungekuwa mwanafunzi wangu wa kazi ningekufumulia ukarudie. Jumapili iliyofuata nililivaa, kwa sababu ulisimama mlangoni nalo ukakataa kutoka.

Mama Sitati, wa kundi letu la kina mama, aliniangalia nikipita kwenye viti. Baada ya ibada akanivuta kando. "Fundi, hizo rangi mbili ni fasheni mpya?"

Nikasema, "Hapana. Ni mimi nimenenepa."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi nishonee hiyo hiyo! Mimi yangu nimefunga na pini hapa nyuma, naogopa hata kukohoa."

Sijui kwa nini jambo hilo lilinipunguzia mzigo kuliko mahubiri yote ya mwaka ule.

Lakini kutembea bado sikuweza. Ni wewe uliyeanza, tena kwa ujanja ambao nilichelewa kuujua. Jioni moja ulikuja ukasema, "Mama, nisindikize kidogo." Ulikuwa unaenda dukani tu. Nikashangaa, lakini mtu akikuomba umsindikize unafanyaje? Mimi nimelelewa kwamba mgeni haachwi mlangoni. Ukiachana naye mlangoni umemfukuza. Unamtoa hadi barabarani, mkiwa na maneno mnafika kwenye daraja, na akiwa mtu wa kupendwa yeye naye anageuka kukurudisha. Nyanya yako na dada yake wangeweza kusindikizana hadi mwezi utoke. Kwa hivyo niliinuka nikatia patipati miguuni nikakufuata.

Kesho yake, "Nisindikize kidogo." Hadi kwenye kinu. Halafu hadi kwenye kona ya mikaratusi. Halafu hadi kwa rafiki yako ambaye, nilikuja kujua, siku nyingi hakuwa hata nyumbani. Hukuwahi kusema neno mazoezi. Hukuwahi kutaja mwili. Ulikuwa unaniambia habari za shule, za yule mwalimu wa kemia anayepiga chafya kabla ya kutoa mtihani, na mimi nilisahau kusikiliza magoti. Mwenye boda akipunguza mwendo nilimwambia, "Namsindikiza mtoto," naye akapita. Lilikuwa jibu zuri kuliko kikapu.

Mwili umepungua kidogo, si kama ile mara ya kwanza. Muuguzi anasema presha imetulia. Naweza kupanda ngazi za posta mjini bila kusimama katikati kujifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Hayo tu. Hakuna anayenisifu, na nimeona ni afadhali.

Sasa nikuambie jambo la leo. Ulipotoka kwenda kusukwa nilijisemea, acha nijaribu mwenyewe, ili kesho nikuambie nimeweza. Nilivaa raba. Nikatoka bila kikapu, bila wewe. Nilifika kwenye kinu, nikapita. Karibu na mikaratusi, boda ikaja. "Mathe, leo uko peke yako? Unaenda wapi?"

Nikasema, "Namfuata mtoto kwa msusi."

"Kwa msusi si ni huko nyuma?"

Akapangusa kiti cha nyuma kwa mkono wake. Nekesa, nilipanda. Alinirudisha hadi mlangoni na baba yako akanikuta nimeketi kwenye kizingiti na raba bado safi. Alitaka kusema mzaha, nikamwona, kisha akaacha. Akaniletea maji.

Nilifikiria kukuficha hili. Ungeondoka na moyo mwepesi zaidi. Lakini ungepiga simu wiki ijayo ukauliza, na ningekudanganya, na wewe unajua sauti yangu ikidanganya. Kwa hivyo nakuomba uniruhusu mambo mawili. Usiniulize kama nimetembea. Niulize habari za nyanya, za cherehani, za mvua, na ikiwa nina la kusema nitalisema. Na usirudi nyumbani kwa sababu ya magoti yangu. Kuna siku nitaacha, najua. Labda mvua ikianza. Nimeacha mara nyingi kuliko wewe unavyojua. Nilichokuwa sijui ni kwamba kuacha hakufuti kule kutembea kwa kwanza, na mtu anaweza kurudi barabarani akiwa amechoka na akiwa amevaa gauni la rangi mbili. Nilidhani lazima kwanza nipate hamu, ndipo niinuke. Na wewe hukuwahi kuningojea nipate hamu. Ulikuwa umeshafika kwenye geti unaita.

Koti lako la shambani nimelimaliza jana, liko juu kabisa kwenye sanduku. Ni la kufanyia kazi, kwa hivyo nimelishona mara mbili. Ndani ya mishono nimeacha kitambaa cha kutosha, pande zote mbili na kwenye mikono. Utanenepa, utakonda, utanenepa, huo ni mwili, na chakula cha chuo hakijulikani. Usiruhusu mtu akikate, hata ukiambiwa ni unadhifu. Hata kama ni wewe mwenyewe umefurahi.

Kesho baba yako anataka tuite boda mbili, moja yako na moja ya sanduku. Mwambie yeye apande na sanduku. Wewe nitakusindikiza kwa miguu hadi stendi mjini. Tutaondoka mapema, na nikisimama kupumua usijifanye unafunga kamba za viatu, simama tu. Tukifika utapanda, na nisingependa ushuke tena kunikumbatia, nitalia na watu wataona.

Halafu nitarudi. Baba yako atataka nipande naye, nitakataa. Mtu akiniuliza natoka wapi, nitasema natoka kumsindikiza mtoto, na itakuwa kweli. Kesho nina jibu. Kesho kutwa akiniuliza naenda wapi, sijui nitamwambia nini. Nimefikiria tangu saa nane na sijapata. Nadhani nitamsalimia tu, nipite.

Nakusikia unafungua geti. Nitaikunja hii barua niiweke kwenye mfuko wa koti.

Mimi mamako.